Kutoka Usajili hadi Mahafali: Kanuni za Uzamili na Uzamifu kwa Mtafiti wa Nairobi

Ukiuliza kwa nini mwanafunzi wa uzamifu (PhD) amekaa miaka mingi bila kuhitimu, mara nyingi utakuta utafiti wake hauna kasoro kubwa. Kilichomkwamisha ni faili. Barua ya kuidhinisha pendekezo haikutoka, kibali cha maadili kiliisha muda data ikiwa nusu, watahini hawakuteuliwa mapema, au karo ya muhula mmoja wa nyuma ilibaki haijalipwa na mfumo ukamfungia. Chuoni, hatua haijakamilika mpaka iwe na karatasi yenye sahihi na tarehe, na karatasi moja ndiyo inayofungua mlango wa nyingine. Mwongozo huu unazifuata karatasi hizo kwa mpangilio wake, kwa mwanafunzi anayefanya utafiti katika vyuo vya Nairobi na viunga vyake, awe Chuo Kikuu cha Nairobi, Kenyatta, Strathmore au JKUAT kule Juja.

Anza kwa kuzipata kanuni zenyewe

Usitegemee anayosema mwenzako wa mwaka wa tatu. Huenda yeye alisajiliwa chini ya kanuni za zamani, na wewe uko chini ya zilizorekebishwa. Tafuta nyaraka nne: kanuni za jumla za masomo ya uzamili za chuo kizima, kanuni za programu yako mahususi, mwongozo wa kuandika na kuwasilisha tasnifu, na muundo wa karo wa mwaka uliosajiliwa. Tatu za kwanza huwa kwenye tovuti ya Shule ya Uzamili au ya kitivo. Ya nne omba ofisi ya fedha. Zipakue, uandike tarehe uliyozipakua, uzihifadhi. Tovuti za vyuo hubadilika bila taarifa, na siku utakapohitaji kuonyesha kanuni ilivyosema ulipojiunga, nakala yako ndiyo itakayokutetea.

Juu ya nyaraka hizo iko Sheria ya Vyuo Vikuu ya mwaka 2012, pamoja na kanuni na viwango vya Tume ya Elimu ya Vyuo Vikuu vya mwaka 2014. Chuo kinaweza kudai zaidi ya viwango vya Tume, lakini hakiruhusiwi kudai pungufu. Ndiyo maana ukisikia programu ya uzamifu inayoahidi kukumaliza kwa mwaka mmoja na nusu, ogopa. Muda wa chini kwa uzamifu ni miaka 3.

Unaposoma, tenganisha vifungu vya lazima na vya hiari. Kifungu kinachosema mwanafunzi “sharti” awasilishe ripoti kinakufunga wewe. Kinachosema Seneti, chombo cha juu cha taaluma chuoni, “inaweza” kumwongezea muda hakikupi haki ya kuongezewa. Kinakupa nafasi ya kuomba tu. Wengi hupanga miaka yao yote wakiegemea neno “inaweza”, kisha hushangaa ombi likikataliwa.

Usajili: saa inayohesabu hata ukiwa kimya

Saa ya masomo huanza siku ya usajili, haingoji utakapopata mada. Muda wa juu wa programu yako umeandikwa kwenye kanuni; utafute leo na uandike tarehe ya mwisho mahali utakapoiona.

Kosa linalogharimu fedha nyingi kuliko yote ni kuacha kujisajili baada ya masomo ya darasani. Mwanafunzi wa uzamili anamaliza vitengo, anarudi kazini, anaandika tasnifu usiku nyumbani, na anaamini kwamba kwa vile haingii darasani hana haja ya usajili. Anaporudi baada ya mihula 3 anakuta ada za kila muhula zimelimbikizwa, au jina lake limewekwa kwenye orodha ya walioacha masomo. Jisajili kila muhula mpaka siku tasnifu inapopokelewa rasmi. Angalia pia kama ada ya usimamizi na ada ya kutahini tasnifu zimo ndani ya karo au zinatozwa kando, kwa sababu zikitozwa kando hujitokeza mwishoni, wakati mfuko umeshakauka.

Wenye vitengo vya darasani wakumbuke kwamba katika uzamili alama ya kufaulu kwa vyuo vingi ni asilimia 50, ilhali shahada ya kwanza ilikuwa 40. Kitengo kimoja kilichobaki kinatosha kukuzuia kutetea tasnifu, hata kama tasnifu yenyewe iko tayari.

Wasimamizi

Kwa uzamifu utapewa wasimamizi angalau wawili, na kila mmoja lazima awe na shahada ya uzamifu katika fani inayohusiana na mada yako. Viwango vya mwaka 2014 viliweka pia ukomo: msimamizi mmoja asizidishe wanafunzi 5 wa uzamili na 3 wa uzamifu kwa mwaka wa masomo. Kabla ya kumwendea mhadhiri mashuhuri, mwulize kwa heshima ana wanafunzi wangapi sasa na kama ana likizo ya utafiti karibuni. Profesa mwenye jina kubwa asiyejibu barua pepe kwa miezi 4 ana faida ndogo kwako kuliko daktari kijana anayerudisha sura yako kwa wiki 3.

Uteuzi wa msimamizi hukamilika kwa barua. Makubaliano ya mdomo ofisini, au ujumbe wa simu wenye “sawa, leta pendekezo”, hayamfanyi mtu kuwa msimamizi wako. Ukishapata barua, kubalianeni mambo matatu katika kikao cha kwanza: mtakutana mara ngapi, sura inarudishwa baada ya siku ngapi, na nani kati yao anasoma kwanza. Hilo la tatu hupuuzwa, kisha mwanafunzi hujikuta katikati ya wasimamizi wawili wanaopingana kuhusu nadharia. Msimamizi mkuu asome kwanza, na maoni ya wote wawili yawekwe kwenye waraka mmoja ili waonane kwa maandishi.

Baada ya kila kikao, tuma barua pepe fupi siku hiyohiyo: tuliafikiana hiki, nitaleta hiki tarehe fulani. Ni adabu, na pia ni ushahidi. Ikifika mahali pa kuomba kubadilishiwa msimamizi, mwenyekiti wa idara hataamua kwa malalamiko. Ataomba kumbukumbu. Ombi lenyewe huandikwa kwa mwenyekiti, bila matusi, likieleza tarehe ulizowasilisha kazi na tarehe ulizojibiwa au kutojibiwa.

Pendekezo la utafiti

Pendekezo hupita ngazi tatu: idara, kitivo, kisha Shule ya Uzamili. Unatetea idarani, unapewa marekebisho, unarekebisha, wasimamizi wanatia sahihi, ndipo linapanda. Hapa ndipo wengi hupoteza miezi bila kujua, kwa sababu vikao vya kamati hukaa kwa ratiba. Kikao kikiwa mara moja kwa mwezi na ukakosa tarehe ya kufunga ajenda kwa siku 2, umekosa mwezi mzima. Mwulize karani wa kitivo tarehe za vikao vya muhula mzima, kisha panga kurudi nyuma kutoka hapo. Karani huyo anajua mengi kuliko tovuti.

Marekebisho uliyopewa yajibu kwa jedwali la safu tatu: maoni ya mjumbe, ulichobadilisha, ukurasa. Ambapo hukukubali maoni, sema kwa nini. Jedwali la namna hii litakufaa tena baada ya kutahiniwa.

Usiondoke bila barua ya Shule ya Uzamili inayosema pendekezo limeidhinishwa. Hiyo ndiyo itakayoombwa na kamati ya maadili na NACOSTI, yaani Tume ya Taifa ya Sayansi, Teknolojia na Ubunifu, inayotoa leseni za utafiti. Angalia kichwa cha utafiti kilichoandikwa humo, neno kwa neno. Kichwa kikitofautiana kati ya barua hii, kibali cha maadili na leseni, utaambiwa ni tafiti tatu tofauti.

Vibali: mpangilio usiovurugika

Mpangilio ni huu:

1. Barua ya kuidhinisha pendekezo kutoka Shule ya Uzamili.
2. Kibali cha kamati ya maadili iliyoidhinishwa na NACOSTI.
3. Leseni ya utafiti ya NACOSTI.
4. Ruhusa ya mamlaka ya mahali unapokusanyia data.

Kamati ya maadili inahusu utafiti wowote unaogusa watu: hojaji, mahojiano, rekodi za wagonjwa, hata kikundi cha mazungumzo cha wachuuzi wa Gikomba. Wanafunzi wa isimu na fasihi hudhani maadili ni ya madaktari. Ukimrekodi mzungumzaji wa Sheng pale Kaloleni, sauti yake ni data yake ya kibinafsi, na Sheria ya Ulinzi wa Data ya mwaka 2019 inakuhusu. Watafiti wa afya wa Chuo Kikuu cha Nairobi wengi hupitia kamati ya pamoja ya hospitali ya Kenyatta na chuo. Vyuo vingine vina kamati zao, na ambavyo havina huwapeleka wanafunzi kwa kamati ya taasisi nyingine iliyoidhinishwa.

Faili la maadili huwa na pendekezo kamili, hojaji au mwongozo wa mahojiano, maelezo kwa mshiriki na fomu ya ridhaa, wasifu wa mtafiti, barua ya idara na risiti ya malipo. Yanayorudisha maombi mengi ni madogo na yanazuilika. Fomu ya ridhaa imeandikwa kwa Kiingereza cha kitaaluma wakati washiriki ni mama mboga wa Kawangware. Itafsiri kwa Kiswahili cha kawaida na uambatishe nakala zote mbili. Hakuna maelezo ya data itahifadhiwa wapi, kwa muda gani, na nani atakayeiona. Washiriki wako chini ya miaka 18, na hakuna ridhaa ya mzazi wala ukubali wa mtoto mwenyewe. Au idadi ya washiriki kwenye fomu hailingani na idadi iliyo kwenye sura ya mbinu.

Tenga miezi 2 hadi 3 kwa hatua hii. Jibu likitoka ndani ya wiki 4, shukuru.

Kibali cha maadili hudumu mwaka mmoja, nacho huja na masharti ambayo wengi hawasomi kwa sababu yamo chini ya jina lao. Soma barua yote. Kwa kawaida vifo na madhara makubwa kwa mshiriki, yawe yametokana na utafiti au la, huripotiwa ndani ya saa 72. Ombi la kuhuisha kibali huletwa angalau siku 60 kabla hakijaisha. Muhtasari wa matokeo hupelekwa ndani ya siku 90 baada ya kumaliza. Piga hesabu: kibali kinachoisha tarehe 9 Machi, ombi la kukihuisha liwe limefika kufikia tarehe 8 Januari, yaani mara tu baada ya likizo ya Krismasi, wakati ofisi nyingi bado zimelala. Liandae mapema Desemba.

Hakuna kamati itakayokupa kibali cha data uliyokwisha kukusanya. Hapa hakuna mjadala wala rufaa. Aliyegawa hojaji Machi na kupata kibali Mei ana kazi ya kugawa hojaji upya, na mtahini makini atazilinganisha tarehe kwenye viambatisho.

Leseni ya NACOSTI inatolewa chini ya Sheria ya Sayansi, Teknolojia na Ubunifu ya mwaka 2013. Ombi ni la mtandaoni: unafungua akaunti, unapakia pendekezo, barua ya chuo, kibali cha maadili, kitambulisho au pasipoti na picha, kisha unalipa ada kulingana na ngazi yako. Ofisi ziko Upper Kabete, kando ya Waiyaki Way, lakini kwa ombi lisilo na dosari hutahitaji kufika. Taja kaunti zote utakazofanyia kazi. Leseni iliyoandikwa Nairobi pekee haikuruhusu kuvuka hadi Kitengela au Ruaka, hata kama ni matatu moja tu. Kitengela ni Kajiado, Ruaka ni Kiambu. Leseni nayo hudumu mwaka mmoja, kwa hiyo una saa mbili zinazohesabu kwa tarehe tofauti, ya maadili na ya leseni. Ziweke zote mbili kwenye kalenda ya simu.

Ukishapata leseni, ripoti kwa Kamishna wa Kaunti na Mkurugenzi wa Elimu wa Kaunti kabla ya kuingia uwandani. Hospitali na zahanati zitataka ruhusa ya wanaozisimamia, na baadhi zina kamati zao za utafiti. Katika mitaa kama Mathare na Mukuru, mjulishe chifu na wazee wa mtaa. Sheria ya chuo haitaji wazee wa mtaa, lakini bila wao hojaji zako zitajazwa na watu wawili watatu walewale.

Ripoti za maendeleo

Kila miezi 3 au 6, kulingana na chuo, unajaza fomu ya maendeleo, wasimamizi wanaandika maoni, na nakala inapanda Shule ya Uzamili. Wanafunzi huiona kama usumbufu. Lakini ukija kuomba muda zaidi, faili lenye ripoti 6 zinazoonyesha mwendo hutazamwa tofauti na faili tupu. Andika humo vikwazo halisi: kibali kilichelewa kwa wiki 9, shule zilikuwa zimefungwa, msimamizi alikuwa ng’ambo. Kikwazo ambacho hakikuandikwa kilipotokea kinasikika kama kisingizio baadaye.

Makala kabla ya kuhitimu

Vyuo vingi hudai makala 2 katika majarida yanayopitiwa na wataalamu kwa uzamifu, na moja kwa uzamili. Thibitisha kwenye kanuni zako kama makala inatakiwa iwe imechapishwa tayari au barua ya kukubaliwa inatosha, na kama jina la chuo na la wasimamizi sharti yawemo.

Majarida ya ulaghai yananawiri hasa kwa sababu ya sharti hili. Dalili zake zinajulikana: yanaahidi kuchapisha ndani ya siku 5, maoni ya wapitiaji ni mistari miwili ya sifa, ada inalipwa kabla ya mapitio, na mawanda yake yanaanzia ufugaji wa samaki hadi theolojia. Kamati ya kitivo ikilikataa jarida, fedha hazirudi, na makala ileile huwezi kuipeleka kwingine kwa sababu imeshachapishwa. Mwonyeshe msimamizi jina la jarida kabla ya kutuma. Na tuma mapema: jarida la kweli huchukua miezi mingi, hivyo makala ya kwanza yafaa itoke kwenye sura ya mapitio ya maandishi au matokeo ya awali, usingoje tasnifu iishe.

Kuwasilisha na kutahiniwa

Notisi ya nia ya kuwasilisha hutolewa mapema, kwa vyuo vingi miezi 3 kabla. Sababu yake ni ya kiutendaji: katika miezi hiyo idara inapendekeza watahini wa ndani na wa nje, kitivo kinapitisha, na Shule ya Uzamili inawaandikia. Ukileta tasnifu bila notisi, itakaa kabatini ikingoja watahini wasiokuwepo. Uteuzi wa watahini si kazi yako, na kuwasiliana nao kabla ya siku ya kutetea ni kosa linaloweza kubatilisha mtihani.

Ripoti ya mfanano, kwa kawaida ya Turnitin, programu inayolinganisha maandishi yako na ya wengine, huambatishwa. Vyuo vingi huweka ukomo kati ya asilimia 15 na 20. Usihangaike na namba peke yake. Asilimia 12 iliyotoka yote kwenye ukurasa mmoja wa mtu mwingine ni wizi. Asilimia 17 iliyotawanyika kwenye majina ya taasisi na istilahi huelezeka. Kazi iliyoandikwa kwa Kiswahili mara nyingi hutoa namba ndogo kwa sababu maandishi ya Kiswahili yaliyomo kwenye hifadhi ya programu hizo ni machache. Mtahini wa Kiswahili analijua hilo, naye husoma kwa jicho lake.

Mambo ya umbo yasikuchukulie muda: fuata mwongozo wa chuo kuhusu pambizo, nafasi kati ya mistari na mpangilio wa kurasa za mwanzo. Hakikisha ukurasa wa ikirari, yaani tamko kwamba kazi ni yako, una sahihi yako na za wasimamizi wote, maana huo ndio unaorudisha tasnifu nyingi mlangoni.

Siku ya utetezi kuna mwenyekiti, watahini, na wawakilishi wa kitivo na Shule ya Uzamili. Unawasilisha kwa dakika 20 hivi, kisha maswali. Maswali magumu kwa kawaida hulenga sura ya mbinu na mchango mpya wa kazi, kwa hiyo uwe na sentensi moja inayosema unachoongeza ambacho hakikuwepo. Ukiulizwa usilolijua, sema mipaka ya utafiti wako. Kubishana na mtahini wa nje hakujawahi kumnufaisha mtu.

Hukumu huwa mojawapo ya hizi: kupita bila marekebisho, ambayo ni nadra, kupita kwa marekebisho madogo, kufanya marekebisho makubwa na pengine kutahiniwa tena, au kutofaulu. Ngoja barua rasmi kabla ya kuanza kusahihisha, kwa sababu uliyoyasikia chumbani na yaliyoandikwa hayalingani kila mara. Barua hutaja muda na mtu atakayethibitisha marekebisho. Ukipitisha muda huo, marekebisho madogo yanaweza kugeuka tatizo kubwa.

Mambo yakienda kombo

Ugonjwa, uzazi, kufiwa au kukosa karo: omba kuahirisha masomo kwa maandishi, kabla ya muhula kwisha, ukiambatisha hati. Kuahirisha kulikokubaliwa husimamisha saa, lakini kutoweka hakusimamishi kitu. Ombi la kuongezewa muda nalo liingie kabla ya tarehe ya mwisho, pamoja na ripoti ya wasimamizi na ratiba ya miezi iliyobaki yenye kazi mahususi kwa kila mwezi. Ratiba inayosema tu “kuandika” kwa miezi 6 haimshawishi mtu.

Rufaa dhidi ya matokeo hufaulu zaidi inapohusu utaratibu: mtahini mwenye mgongano wa maslahi, kikao kisicho na akidi, kanuni isiyofuatwa. Kudai kwamba mtahini hakuielewa nadharia yako ni mabishano ya kitaaluma, na hapo Seneti na hata mahakama husita kuingia. Anza na ngazi za chuo zote, kwa maandishi. Sheria ya Utendaji wa Haki wa Kiutawala ya mwaka 2015 inakupa haki ya kupewa sababu za uamuzi kwa maandishi, lakini pia inataka njia za ndani ziishe kabla ya kwenda mahakamani. Tume ya Haki ya Utawala hupokea malalamiko ya barua zisizojibiwa.

Kumaliza

Marekebisho yakishathibitishwa, unajalidi nakala za karatasi, unapeleka nakala laini kwenye hifadhi ya maktaba, na unazungusha fomu ya kuondoka: maktaba, fedha, idara, bweni kama ulikaa. Pakia ripoti ya mwisho NACOSTI pia. Ni sharti la leseni. Orodha ya wahitimu hufungwa wiki kadhaa kabla ya mahafali na hupitia Seneti, kwa hiyo hesabu tarehe hiyo, usihesabu siku ya majoho. Orodha ya awali ikibandikwa, linganisha jina lako herufi kwa herufi na kitambulisho na cheti cha shahada ya kwanza. Kulisahihisha wakati huo ni suala la barua pepe moja. Baada ya cheti kuchapishwa utahitaji hati ya kiapo, ada nyingine, na miezi ya kungoja.